Brightson wa Koti la Njano

Mie picha za watu wanaoruka sizipendi, na nalisema hili mapema asije mtu akaniuliza maswali mbele ya safari. Banda la kuonyeshea picha ni langu mie, Mama Naima. Nililijenga na marehemu mume wangu hapa Bunju, nyuma ya soko, mabati juu na maturubai pembeni, na kazi yangu ni kukaa mlangoni watu waingie kwa adabu, asivute mtu sigara ndani. Kinachoendelea ukutani hakinihusu. Siku ya mpira nashangilia, siku ya picha ya kihindi nalia na wenzangu. Lakini hao wenye nguo za kubana wanaopasua maghorofa kwa ngumi, weeh, kichwa kinaniuma hata kabla hawajaanza kupigana.

Anayezijua ni mdogo wangu Mfaume, ndiye mtafsiri wetu. Anakaa mbele pembeni ya ukuta, maiki mkononi, sauti ya picha anaipunguza, anatueleza nani kasema nini na kwa nini. Kizungu chake nakijua, tumesoma shule moja. Anachokisikia anakitafsiri, asichokisikia anakitunga, na alichokitunga ndicho watu wanachokipenda. Majina ya kizungu hayataki kabisa. Stering, shujaa wa picha, anapewa jina la mtu wa mtaani kwetu, na akishapewa kapewa, zije picha ngapi sijui, jina halibadiliki. Lile jitu la mawe ni Albano, kwa ajili ya Albano wa buchani ambaye mlango wa buchani anaingilia ubavu. Mwanamke mwenye mkuki ni Vaileth, mama ntilie wetu, kwa jinsi anavyowafokea wanaume wakichelewesha sahani. Na yule kijana wa koti la njano anayesimamisha malori kwa viganja, kipenzi cha banda zima, ni Brightson.

Brightson mwenyewe alikuwa mtoto wa jirani yangu Demetria, Mama Bright, mwanamke wa Rombo anayeuza ndizi sokoni. Kijana mrefu, mcheshi, ukimwita akubebee mzigo anaubeba na kukutania juu. Mfaume alipompa lile koti hakuna aliyebisha. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Godlisten, fundi simu pale njia panda, mfupi, mpole, mtu wa kucheka vicheko vya wenzake.

Sasa kulikuwa na picha nyingine, za zamani kidogo, na huko nako kuna kijana wa koti la njano, ila sura nyingine kabisa, mfupi tena. Mfaume hakujiuliza mara mbili. Akatuambia huyu ni Godlisten, rafiki yake Brightson, makoti wameshonewa na fundi mmoja. Watu wakakubali. Picha za huyu na picha za yule hazikuwahi kukutana, kila mmoja ana mji wake na adui zake, kwa hiyo tukaishi hivyo miaka yote bila ugomvi.

Mwaka juzi Brightson akazamia. Kwa asiyejua, kuzamia ni kujificha kwenye meli ya mizigo ikupeleke Afrika Kusini au popote inapokwenda, bila pasi na bila kuaga. Walikwenda wawili, akarudi Godlisten peke yake. Alimwambia Mama Bright kwamba yeye roho ilimwisha dakika za mwisho, ila Brightson alimwona kwa macho yake akipanda kamba ya meli mpaka juu, akampungia mkono. Tangu siku hiyo hakuna simu, hakuna salamu, hakuna mtu aliyemwona popote. Mama wa watu akawa anaishi kwa maneno hayo ya Godlisten.

Ndipo akaanza kuja bandani kwangu. Kabla ya hapo aliliitaga pango la wahuni, mbele yangu, na wala sikumnunia. Sasa kila Jumamosi yuko benchi la mbele, kitenge begani. Mfaume akisema Brightson huyo anakuja, banda likilipuka kwa makofi, yeye anacheka kajifunika mdomo. Picha yenyewe alikuwa haielewi kama mie nisivyoielewa. Alichokifuata ni jina. Alitaka kusikia jina la mwanawe likiitwa kwa sauti kubwa na watu wakafurahi, na mie nilikuwa nikimtazama pale mlangoni.

Godlisten naye akamfanya mwanawe. Mchana anampelekea chakula kwenye kibanda chake cha simu, ndizi nyama, wali, alichopika. Kijana anapokea kwa mikono miwili, asante mama, halafu hali. Nilimwonaga anawapa wenzake. Nikadhani ana vidonda vya tumbo.

Wiki ninayoisimulia alikuja shemeji yake Mama Bright kutoka Rombo, Mzee Apolinari, kaka wa marehemu mumewe. Hakuja kwa shari, mzee wa watu, alikuja na maneno ya ukoo. Wamekaa, wameamua Brightson azikwe. Kwao mtu akipotea na mwili usionekane, unakatwa mgomba, unaviringishwa shuka, unazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa jina lake na sala zinasomwa, ili aliyekwenda atulie na waliobaki wapumzike. Ila mgomba huo haukatwi mpaka mama atamke. Na Mama Bright hakuwa anatamka. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba Godlisten alimwona anapanda meli, na yeye hawezi kumzika mtu aliyepanda meli. Mzee akamwambia kwa upole kuwa Jumapili anapanda basi kurudi, na angependa aondoke na jibu.

Mie nasema kweli, niliuchukia ule mgomba. Nilikuwa upande wa Mama Bright moja kwa moja. Mtoto ukishamzika, hata kama umezika mgomba, siku akipiga simu utaanzia wapi kumweleza? Nikamwambia asikubali. Nikamwambia mbele ya Mzee Apolinari, na mzee akaniangalia tu akanywa chai yake.

Basi katika wiki zote alizoumba Mungu, ndiyo hiyo wazungu waliyochagua kutoa ile picha yao. Picha ya kuwaunganisha wote. Albano wa mawe, Vaileth wa mkuki, Brightson, Godlisten na wengine ambao hata majina walikuwa hawajapewa, wote kwenye picha moja. Sokoni hakukukalika. Watu walikuwa wanabishana juu ya mafungu ya nyanya nani atampiga nani. Vijana wa Boko, mtaa wa jirani, wakatuma salamu kuwa wanakuja, wawekewe mabenchi. Albano wa buchani, mtu mzima ana wajukuu, akaanza kutembea kifua mbele.

Suhaib, dereva bodaboda wa kijiweni kwetu, alikuwa ameshaiona kwenye simu, ile ya wizi iliyorekodiwa sinemani, mtu amekaa mbele anakohoa. Alinifuata Alhamisi akiwa mnyonge kweli. Akanieleza kuwa Brightson anakufa.

Nikamwambia asinitanie, stering hafi. Hilo hata mie nalijua.

"Huyu anakufa, mama," akasema Suhaib. "Katikati ya picha, na wanamlilia. Ila mwisho kabisa, majina yote yakishapanda, kuna kipande. Anafumbua macho."

Hiyo ya kipande cha mwisho ndiyo tabia yao. Picha hizi zikiisha haziishi. Yanapanda majina ya waliotengeneza, marefu mpaka unasinzia, halafu kinakuja kipande kidogo cha kukutia hamu. Ndiyo maana wateja wangu hawainukagi mpaka ukuta uwe mweusi, na ukimzimia mtu kabla ya hapo mtapigana.

Nikaenda kwa Mama Bright kumlaghai. Nikamwambia Jumamosi kuna mpira, picha hamna. Akasema ameshasikia sokoni, picha ipo, na atakuja. Alikuwa anachambua ndizi, zilizoiva huku, mbichi huku, bila kuniangalia.

"Nitamwona kwanza Brightson," akaniambia. "Nikishamwona, nitajua la kumjibu shemeji."

 Nilirudi bandani nikamkalisha Mfaume chini. Nikamwambia Brightson asife. Akaniuliza, dada, mtu anakufa ukutani watu wote wanaona, mie nimfanyeje? Nikamwambia amlaze. Aseme kachoka, kazimia, anapumzika, anachotaka. Kutunga si ndiyo kazi yake? Atunge mpaka majina yapande, mama amwone mwanawe anafumbua macho, hapo atarudi nyumbani kwa moyo mmoja na mgomba utabaki shambani. Mfaume akakuna kichwa akakubali. Suhaib nikamtuma awaonye wote walioiona kwenye simu, atakayefungua mdomo asahau kukanyaga mlangoni kwangu.

Jumamosi baada ya adhuhuri banda likatapika watu. Mama Bright akaingia kavaa kitenge kipya, na mkononi kamshika Godlisten, amemtoa kwenye kibanda chake kwa nguvu, eti aje awaone wenzake. Wakakaa benchi la mbele, bega kwa bega. Nikaacha mlango, nikaenda kukaa upande wa pili wa Mama Bright. Huko mlangoni waingie watakavyo.

Picha ikaanza, na hapo ndipo akili zetu zilipoanza kutuacha. Jamani, mie nimeona watu wazima wamechanganyikiwa, lakini si kwa pamoja namna ile. Kwanza Albano na Vaileth. Kwa Mfaume hao ni mume na mke, aliwaozesha kwenye picha fulani zamani, na mahari tulitajiwa. Sasa wanakutana ukutani kwa mara ya kwanza, yule mwanamke anamwekea mwenzie mkuki shingoni anamuuliza yeye ni nani. Banda likapiga kelele, mtu gani hamjui mumewe? Mfaume akajitetea kuwa walikuwa wameachana. Vaileth wa kweli akasimama nyuma na mwiko wake akasema yeye hajaachana na mtu na asisingiziwe. Albano wa kweli akainamisha kichwa, kaona haya.

Bado hatujatulia, akatokea adui aliyekufa picha tatu nyuma. Mfaume akasema ni pacha wake. Akatokea wa pili, sura ile ile. Mfaume akasema walikuwa watatu. Akatokea wa tatu na wa nne pamoja, watu wakaanza kuzomea, na mdogo wangu jasho linamtiririka mpaka kwenye maiki. Kijana mmoja wa Boko akauliza kwa nini mji ni ule ule lakini daraja halipo. Mwingine akauliza mbona huyu mzee alikuwa mweusi picha iliyopita. Suhaib akashindwa kuvumilia, akapaza sauti kuwa dunia ziko nyingi, si moja, na mtu yule yule yuko kila dunia kivyake, na sasa mbingu imepasuka wanaingiliana.

Mfaume akaidaka hiyo kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Naam, akasema, dunia ziko nyingi, na kila dunia ina Bunju yake. Mtu akauliza hiyo Bunju nyingine maji yanatoka bombani? Tukacheka wote. Nilimwangalia Mama Bright, na yeye hakucheka. Alikuwa ameinama mbele kidogo, ananiuliza kwa sauti ya chini kama mtu anaweza kuwa hayupo dunia hii akawepo ile.

Nikamwambia ndiyo. Mie nilijua nini? Nilikuwa hata sijui adui ni yupi kati ya wale wanne. Lakini nilimwambia ndiyo, anaweza.

Halafu Brightson akaja. Koti la njano likashuka kutoka juu ya ghorofa, na banda likasahau mambo yote ya mapacha, watu wakasimama juu ya mabenchi. Hajakaa sawa, mbingu ikapasuka upande wa pili, likashuka koti la njano jingine. Godlisten. Yule wa picha za zamani, mfupi, sasa kazeeka kidogo. Wawili hao wakatazamana, wakazungukana, wakagusana makoti. Mfaume akasema wanaulizana habari za fundi cherehani. Lakini ukutani kila aliyewaita, aliwaita jina moja. Tulilisikia wote, jina moja la kizungu kwa wote wawili.

Suhaib akapiga kelele kuwa ni mtu mmoja. Si marafiki, ni mtu mmoja wa dunia mbili. Hapo nusu ya banda ikamgeukia Mfaume, miaka yote alikuwa anatuambia nini? Nusu nyingine wakamgeukia Godlisten wa kweli pale benchi la mbele, wanamuuliza kwa hiyo wewe ndo Brightson, Brightson ndo wewe? Walikuwa wanatania. Kijana alikuwa ametazama miguu yake. Mama Bright akamshika goti, akacheka kile kicheko chake cha kujifunika mdomo, akasema kumbe alizaa wawili asijue.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiambia mambo yanakwenda vizuri.

Kisha lile jambo likaja. Adui wote wanne wakaangusha jengo, ndani kuna watu, na Brightson akaingia chini akalishika kwa viganja. Akawatoa watu mmoja mmoja. Aliyetoka mwisho alipotoka, mikono yake ikaachia. Vumbi likatua. Alikuwa amelala chini na koti lake la njano limekuwa jekundu, macho wazi hayatazami kitu. Mtoto mchanga angejua kuwa mtu yule amekufa.

 Waliojua walikuwa wananiangalia mie.

"Brightson kachoka," akasema Mfaume kwenye maiki. Sauti ilikuwa haitaki kutoka. "Kazi ilikuwa nzito. Anapumzika kidogo, jamani, ataamka."

Hakuna aliyezomea. Mama Bright alikuwa ameshika kitenge kwa mikono miwili, anatazama ukuta. Hakuniuliza mie, hakumuuliza Godlisten, aliuliza tu hewani, mbona hafumbi macho akilala.

Ukutani yule Godlisten akaja anachechemea. Akapiga magoti. Akamfumba macho mwenzie kwa vidole, akavua koti lake akamfunika, halafu akaanza kuzungumza naye kwa kizungu, maneno marefu, machozi yanamtoka. Na mdogo wangu akakwama. Nilimwona. Ukishasema mtu kapumzika, huyu anayemlilia utampa maneno gani? Alitafuta, akatafuta, midomo inacheza, mwisho akaokota ya kwanza aliyoyaona.

"Godlisten anamwambia, lala ndugu yangu," akasema Mfaume. "Mama nitamwambia umefika salama."

Alitunga tu. Nimemuuliza mara nyingi baadaye akaniapia kwa msahafu kuwa alitunga, hakujua kitu. Lakini benchi letu lilitikisika, na Godlisten wa kweli alikuwa amesimama, amekinga mwanga wa projekta, kivuli chake kimeangukia palepale kwa yule maiti. Watu wa nyuma wakamwambia akae. Hakukaa. 

"Hakupanda, mama," akasema. "Kamba ilikuwa na mafuta. Alifika katikati akateleza, akagonga ubavu wa meli, akaingia majini. Nilimwita, nikazama kumtafuta, sikumwona. Nikaogelea nikarudi."

Mfaume alikuwa amedondosha maiki. Picha ikaendelea peke yake, kizungu kitupu, watu wa ukutani wanakimbia huku na huko wala hatujui wanamkimbia nani. Nyuma baadhi ya vijana walidhani ni sehemu ya mchezo, wakauliza kapanda nini, nani hakupanda, mpaka Suhaib akawazima. Mie mwenyewe nilikuwa sijui nimeshika wapi. Huyu aliyesimama ni Godlisten yupi, na aliyekufa ni Brightson wa wapi? Kwa dakika nzima akili yangu ilikataa kuwatenganisha. Ilipokubali, nilijikuta nimesimama, mkono uko juu, nataka kumzaba kibao yule kijana. Miaka miwili amekuwa anapokea sahani za mama yule.

Mama Bright akaniambia nikae. Alisema kama anavyomwambia mteja asibonyeze ndizi. Nikakaa.

Akamshika Godlisten kifundo cha mkono, akamvuta mpaka akaketi. Akamuuliza kwa nini hakumwambia. Kijana akajibu, huku analia, kwamba siku ile alikuja kumwambia ukweli, ila mama alimdaka mlangoni akamshika mikono yote miwili na kumuuliza, amepanda? Amepanda? Naye akasema ndiyo. Baada ya hapo kila akitaka kusema inakuja sahani ya chakula.

 Mie nilitegemea Mama Bright apige ukunga, na wanawake waliokuwepo walikwisha kujikaza tayari kumdaka. Hakupiga. Alifungua na kufunga ncha ya kitenge chake. Akainua uso akamwita mdogo wangu.

"Mfaume. Rudisha nyuma, pale alipoanguka. Umseme alivyo."

Mfaume akanitazama.  Akaokota maiki, akachukua rimoti, na ukutani mambo yote yakakimbia kinyumenyume, vumbi likarudi juu, jengo likasimama, Brightson akanyanyuka akawa mzima. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Halafu jengo likaanguka tena.

Mara hii mdogo wangu hakutia chumvi. Akasema huyu ni Brightson, mtoto wa Demetria, wa Bunju, kwao Rombo. Akasema watu wa mtaani tulimpenda. Akasema aliingia mahali pazito, mikono ikamwachia, amekufa. Hapo sauti ikamkatika, na picha ikaendelea na koti la njano likishuka taratibu juu ya yule kijana.

Waliovaa kofia walivua. Sie tukasema inna lillahi, upande wao wakafanya ishara ya msalaba, Albano wa buchani akalia kwa sauti bila kujificha. Ndipo Mama Bright naye akalia. Alilia kilio cha kwao, chenye maneno ndani nisiyoyajua, na Vaileth akaja na mwiko wake ule ule mkononi akamkumbatia kwa nyuma. Mie nilimshika mguu. Ndicho nilichokifikia.

Kilio kilipopungua, akajifuta uso akamgeukia Godlisten, ambaye alikuwa amejikunja pale benchi akisubiri afukuzwe.

"Kesho tunapanda basi na baba yako mkubwa Apolinari," akamwambia. "Mgomba utaukata wewe."

Kijana akaitikia kwa kichwa. 

Hakuna aliyetoka. Sijui ni kwa kumheshimu mama au kwa kutojua mtu aondoke vipi mahali kama pale, msibani au sinemani. Picha ikaenda mpaka mwisho bila mtafsiri, wakapigana wakashinda, mbingu ikafungwa, kila mtu akarudi duniani kwake, na sie tunatazama bila kuuliza lolote. Kisha majina yakaanza kupanda.

Mama Bright hakuinuka. Alikuwa ameshatuzoea. Alijua wateja wangu hawainukagi majina yakipanda, naye akakaa na mikono mapajani anayafuata kwa macho, mmoja baada ya mwingine, anasubiri kama tulivyokuwa tunasubiri siku zote. Mfaume alikuwa ameinama, kichwa kwenye magoti, rimoti imeanguka mbali. Suhaib ndiye aliyenikodolea. Nikakumbuka kile kipande cha mwisho.

Nilimpita Mama Bright, nikapita mbele ya watu, nikamkanyaga kijana wa Boko, nikafika ukutani kwenye soketi. Majina yalikuwa yamebaki machache. Nikachomoa waya.

Likawa giza la mchana, lile la banda lililofungwa, vijistari vya jua vinaingia kwenye matundu ya mabati. Nikasikia sauti ya Mama Bright kutoka benchi la mbele.

"Mama Naima, kuna kilichobaki?"

"Hamna," nikamwambia. "Imeisha."

Nikasubiri zile kelele. Wale ni watu ambao mwaka jana walitaka kunivunjia viti kwa sababu umeme ulikatika majina hayajamalizika. Lakini akaanza Suhaib, akafuata Albano, wakafuata wale wa Boko, na banda zima likamwitikia mama yule kuwa ndiyo, imeisha, hakuna tena.